Ubongo Uliotikisika Hupona kwa Kutumika

Mwezi huu tunaanza na kosa letu wenyewe.

Miaka zaidi ya kumi iliyopita mama mmoja alituletea binti yake wa kidato cha pili. Binti alikuwa ameanguka kutoka kwenye bodaboda akirudi kutoka shule, bila kofia ngumu, kama ilivyo kawaida ya abiria wetu mpaka leo. Hakuwa na jeraha kubwa. Alikuwa na mchubuko kwenye kiwiko na uvimbe mdogo nyuma ya sikio. Wenzake walisema alizimia kwa muda wa kusali Salamu Maria moja au mbili. Alipozinduka akaanza kuuliza, "Begi langu liko wapi?" Akajibiwa, akauliza tena, akajibiwa, akauliza tena, na begi lenyewe lilikuwa mgongoni mwake.

Tulimlaza usiku mmoja, daktari akamchunguza, asubuhi tukamruhusu. Kisha tukampa mama yake maagizo tuliyokuwa tukimpa kila mtu: "Mama, mlaze kwenye chumba chenye giza. Asisome, asitembee, asifanye kazi yoyote mpaka kichwa kiache kabisa kuuma."

Mama wa watu alitii kuliko tulivyotegemea. Aliziba dirisha kwa kanga. Aliwakataza wadogo zake kuongea kwa sauti. Chakula alipelekewa kitandani. Baada ya wiki tano walirudi, na binti alikuwa na hali mbaya kuliko siku ile ya ajali. Akisimama alishikwa na kizunguzungu na moyo kwenda mbio. Usiku hakupata usingizi, mchana alilia bila sababu. Majirani walikwisha kusema ni mapepo, na shuleni alikwisha kuandikwa mtoro. Tulipomuuliza mama kwa nini amemfungia mtoto muda wote huo, alitutazama akasema, "Sista, si ninyi wenyewe mlioniagiza?"

Ni kweli, sisi ndio tuliomwagiza. Wakati ule hospitali nyingi duniani zilifundisha hivyo, lakini hilo halikumsaidia yule binti. Ndiyo maana tunataka familia zetu zijue mambo yanayojulikana leo kuhusu kichwa kilichogongwa, na jinsi ubongo unavyojitengeneza upya.

KINACHOTOKEA NDANI YA FUVU

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kama kilo 1.4, nao ni laini kuliko parachichi lililoiva. Unaelea ndani ya fuvu katika maji maalumu yanayoukinga. Sasa fikiri abiria waliosimama ndani ya daladala. Dereva akikanyaga breki ghafla, gari linasimama lakini abiria wanaendelea mbele. Ndivyo ilivyo kwa ubongo. Kichwa kinapogonga ardhi kinasimama, ubongo unaendelea, unasukumwa mbele na nyuma na wakati mwingine kujisokota. Tunauita mtikisiko wa ubongo. Si lazima mtu azimie. Wengi wanaopata mtikisiko hawazimii hata kidogo. Wanaona nyota tu, au wanabaki wamepumbaa kwa muda.

Ndani ya ubongo zipo chembe za fahamu zipatazo bilioni 86, nazo huwasiliana kwa nyuzi nyembamba sana. Mtikisiko huzivuta nyuzi hizo. Katika ajali nyepesi nyingi hazikatiki, ila chumvi zinazopaswa kukaa nje ya chembe huingia ndani, na zile za ndani hutoka nje. Chembe hulazimika kufanya kazi kubwa kurudisha kila chumvi mahali pake, na kazi hiyo inahitaji sukari na hewa. Kwa bahati mbaya, siku hizo hizo damu inayopeleka sukari kwenye ubongo hupungua. Mahitaji yamepanda, akiba imeshuka. Kumbukeni kwamba hata katika siku za kawaida ubongo, ambao ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, hutumia karibu asilimia 20 ya nguvu za mwili wote.

Hapo mtaelewa kwa nini mgonjwa wa namna hii huchoka kwa jambo dogo, kama kusoma ukurasa mmoja au kuhesabu chenji dukani. Mtaelewa pia kwa nini picha ya sitiskani mara nyingi huonyesha kwamba kila kitu ni salama. Picha hiyo huona damu iliyovuja na mfupa uliovunjika. Chembe iliyochoka haionekani. Tumewasikia ndugu wakimwambia mgonjwa, "Picha yako ni safi, acha kujidekeza." Si haki kumwambia hivyo. Picha safi ni habari njema, lakini haina maana kwamba mtu hakuumia.

Neno "nyepesi" nalo huwapotosha watu. Tangu mwaka 1974 hospitali hutumia kipimo kilichotungwa huko Glasgow, Scotland, na madaktari Teasdale na Jennett. Tunatazama jinsi mgonjwa anavyofumbua macho, anavyojibu na anavyosogeza viungo, kisha tunampa alama kuanzia 3 hadi 15. Aliyepata 13 hadi 15 tunasema ana jeraha jepesi la ubongo, kwa kulinganisha na yule aliye hatarini kufa. Kwa mgonjwa mwenyewe, na kwa mke wake, huenda lisiwe jepesi hata kidogo.

KWANZA HAKIKISHENI HAKUNA HATARI

Kabla ya kuzungumza habari za kupona, ni lazima tuseme hili, maana hapa watu hupoteza maisha. Wakati mwingine damu huvuja polepole kati ya fuvu na ubongo, na mtu aliyekuwa akizungumza vizuri saa sita mchana huzidiwa jioni. Kila aliyegonga kichwa akazimia, au akachanganyikiwa, achunguzwe hospitali siku hiyo hiyo. Akiwa nyumbani, mrudisheni mara moja, hata usiku wa manane, mkiona anatapika mara kwa mara, maumivu ya kichwa yanazidi badala ya kupungua, anapata degedege, haamki vizuri, anaongea kama mlevi, mboni moja ya jicho ni kubwa kuliko nyingine, mkono au mguu umelegea, au maji meupe au damu inatoka puani au masikioni. Kwa mtoto mchanga tazameni utosi uliovimba, kilio kisichonyamazika, na kukataa kunyonya. Wazee, na wote wanaotumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi, tusiwachelewe hata kama wameanguka kidogo tu bafuni. Kwa mzee damu yaweza kujikusanya kwa wiki kadhaa kabla dalili hazijaonekana.

Tumeona pia wagonjwa wenye maumivu ya kichwa na kutapika wakipewa dawa za malaria siku tatu mfululizo, na hakuna aliyesema kwamba alianguka kutoka kwenye mwembe. Mwelezeni daktari juu ya anguko hilo hata kama mnaona ni dogo. Na mtu aliyelewa akagonga kichwa asiachwe "alale pombe itoke". Hapo ndipo damu inayovuja hujificha.

Kuhusu usingizi, wengi wanaamini aliyegonga kichwa akilala atakufa. Humwagia maji, humtingisha usiku kucha. Kama amechunguzwa na ameruhusiwa, mwacheni alale, kwa maana usingizi humsaidia. Usiku wa kwanza mtu mzima alale naye chumba kimoja na kumwamsha mara moja au mbili, amuulize jina lake na mahali alipo. Akijibu vizuri, alale tena.

NJIA MPYA PORINI

Sasa tuje kwenye kupona. Zamani ilifundishwa kwamba ubongo wa mtu mzima ni kama chungu kilichokwisha kuchomwa. Ukipata ufa, basi. Siku hizi inajulikana kwamba ubongo hubadilika maisha yote kwa kufuata matumizi yake. Chembe mbili zinazofanya kazi pamoja mara nyingi huimarisha kiungo kilicho kati yao. Zisipotumika pamoja, kiungo hudhoofu. Ni sawa na njia ya miguu ya kwenda kisimani. Wakipita watu kila siku inabaki wazi, wakiacha majani yanaifunika. Na mto ukibomoa sehemu ya njia, watu huzunguka upande mwingine, na baada ya muda mzunguko ule nao huwa njia.

Mfano mmoja maarufu ni wa madereva wa teksi wa London. Ili kupata leseni hujifunza kwa kichwa mitaa ipatayo 25,000, kazi ya miaka mitatu au minne. Mwaka 2000 mtaalamu Eleanor Maguire na wenzake waliwapiga picha za ubongo madereva 16, wakaona kwamba sehemu ya nyuma ya eneo linalotunza kumbukumbu za mahali ilikuwa kubwa kuliko ya watu wengine. Baadhi ya watu walisema labda walizaliwa hivyo. Kwa hiyo wakafuatiliwa wanafunzi wa kazi hiyo tangu mwanzo wa mafunzo, na mwaka 2011 ikatangazwa kwamba waliofaulu ubongo wao ulikuwa umeongezeka katika eneo lile, na walioshindwa haukuongezeka. Hao ni watu wazima, wengine wenye familia zao.

Madereva wale walikuwa wazima, hawakugongwa kichwa. Lakini uwezo ule ule wa ubongo kujipanga upya ndio unaotumika baada ya mtikisiko, nao unahitaji kitu cha kujifunza. Mtu aliyefungiwa gizani wiki tano haupi ubongo wake chochote cha kujifunza, isipokuwa kuogopa mwanga, kuogopa kelele na kuogopa kusimama.

SIKU MBILI, KISHA KIDOGO KIDOGO

Mwaka 2015 madaktari wa Milwaukee, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio la vijana wa miaka 11 hadi 22 waliopata mtikisiko wa ubongo. Kundi moja liliagizwa kupumzika kabisa siku 5. Kundi jingine lilipumzika siku 1 au 2, kisha likarudia shughuli hatua kwa hatua. Waliopumzika siku 5 walieleza dalili nyingi zaidi, nazo zilichelewa kwisha. Oktoba 2022 wataalamu wa nchi nyingi walikutana Amsterdam, Uholanzi, na maelekezo yao, yaliyotolewa mwaka 2023, yanasema mgonjwa apunguze shughuli saa 24 hadi 48, kisha aanze mwendo mwepesi hata kama dalili hazijaisha zote.

Kwa hiyo sasa tunawaagiza watu hivi. Siku mbili za kwanza mgonjwa akae nyumbani, alale anapotaka, aende chooni na kuoga mwenyewe, azungumze na watu wawili watatu bila makelele. Dirisha lisizibwe. Simu na televisheni zikae kando. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2021 uliona kwamba vijana walioacha kutazama vioo vya simu na televisheni kwa saa 48 walipona kwa kama siku 3 na nusu, na wale walioachwa watazame wapendavyo walichukua kama siku 8. Tunajua ni vigumu kumnyang'anya kijana simu kuliko kumnyang'anya nyama. Lakini ni siku mbili tu.

Kuanzia siku ya tatu atembee. Aanze na dakika 10 mpaka kwa jirani na kurudi. Kila asubuhi apime dalili zake kwa alama, 0 ikiwa hakuna kitu na 10 ikiwa hawezi kuvumilia. Tuseme ameamka na 3. Akitembea zikapanda mpaka 4 au 5, kisha zikashuka ndani ya saa moja, hajajiumiza, kesho aendelee. Zikipanda kuliko hapo, au zikikaa zaidi ya saa moja, apumzike, na kesho aanze na kidogo zaidi. Kipimo hiki tumekipenda kwa sababu hakihitaji mashine, na kinamwondolea mgonjwa hofu kwamba kila maumivu ni hatari.

Kizunguzungu kinahitaji maneno yake ya pekee. Macho, masikio na shingo hupeleka habari kwenye ubongo juu ya mahali kichwa kilipo, na baada ya kugongwa habari hizo hazikubaliani. Ubongo unaweza kuzipatanisha upya, lakini mpaka kichwa kisogee. Mgonjwa anayekaza shingo siku nzima ili asisikie kizunguzungu hukaa nacho. Kama shingo imechunguzwa na ni salama, akae kwenye kiti, anyooshe mkono na kuinua dole gumba mbele ya macho. Macho yabaki kwenye dole, kichwa kigeuke kulia na kushoto polepole, kama mtu anayekataa kuongezewa chai. Afanye nusu dakika, apumzike, arudie, mara tatu kwa siku. Kizunguzungu kidogo kikija ndicho kinachoufundisha ubongo. Akiona nyumba inazunguka kila anapogeuka kitandani, aje hospitali, kwani huenda tatizo liko ndani ya sikio, nalo lina tiba yake ya kugeuzageuza kichwa kwa utaratibu maalumu.

Kwa maumivu ya kichwa atumie parasetamo, siyo aspirini wala diklofenaki katika siku za mwanzo, maana hizo zaweza kuongeza kuvuja damu. Hata hiyo parasetamo isiliwe kila siku kwa wiki nyingi, nayo huleta maumivu ya kichwa ikizidi. Pombe aache kabisa. Chakula ni kile kile cha nyumbani. Wapo wanaopita mitaani na makopo ya "dawa ya kuongeza ubongo" kwa bei ya mbuzi mzima. Mkiwa na fedha hizo, nunueni mbuzi.

SHULENI, KAZINI NA NYUMBANI

Walimu wetu, tunawaomba sana. Mtoto aliyegonga kichwa huweza kuonekana mzima uwanjani na kushindwa kunakili ubao. Kuinua macho kwenye ubao na kuyashusha kwenye daftari mara mia ni kazi kubwa kwa ubongo uliochoka. Aanze kwa nusu siku, aketi mbele, apewe muda zaidi, na asiadhibiwe kwa kusahau. Mpira, na mchezo wowote wa kugongana, uwe wa mwisho kabisa, baada ya masomo kurudi sawa na daktari kukubali. Ubongo usiopona ukigongwa tena dalili hukaa muda mrefu zaidi, na mara chache sana, hasa kwa vijana, ubongo umevimba ghafla na mtu akafa.

Kwa dereva wa bodaboda jambo ni gumu zaidi. Hesabu ya tajiri inadaiwa kila jioni, ubongo uwe umepona au haujapona. Lakini mtu anayechelewa kuona gari, hata kwa kufumba na kufumbua, hafai kubeba abiria. Tumewahi kuzungumza na mwenye pikipiki mmoja, akakubali kijana wake akae wiki tatu bila deni. Wengine walitufukuza. Familia ikienda na karatasi ya daktari mkononi, husikilizwa zaidi.

Nyumbani kinachowasumbua watu si kichwa kuuma, ni hasira. Mtu mpole anarusha sahani kwa sababu watoto wanacheka. Mke anadhani hapendwi tena, au ameletewa mtu mwingine ndani ya mwili wa mumewe. Ubongo uliochoka hauna nguvu ya kuzuia hasira, na mwenye nao huona aibu baadaye. Mpeni nafasi ya kutoka nje kabla hajalipuka. Lakini kumpiga mtu nyumbani hatulifunikii kwa jina la ugonjwa. Likitokea, njoni wote wawili tuzungumze.

Wengi hupona ndani ya wiki mbili hadi nne. Zikipita wiki nne na dalili zipo, au usingizi umepotea, au huzuni imemkaa mtu kama jiwe, rudini hospitali. Wapo wanaochukua miezi, hasa waliowahi kugongwa zamani, au waliokuwa na maumivu ya kichwa na wasiwasi tangu kabla ya ajali. Hata kwao ubongo unaendelea kujifunza.

Yule binti tulianza naye upya. Kanga iliondolewa dirishani jioni ile ile. Wiki ya kwanza alitembea mpaka bombani na kurudi, mama yake nyuma na ndoo. Wiki ya pili alisoma dakika 10 kwa saa, kisha akafunga kitabu hata kama alikuwa katikati ya hadithi. Tulikwenda wenyewe kumwona mkuu wa shule, na jina lake likafutwa kwenye orodha ya watoro. Alirudi darasani kwa nusu siku, akaketi mbele, na mwezi Novemba akafanya mtihani wa taifa pamoja na wenzake, akapata alama za wastani.

Leo ni mama wa mtoto mmoja, na humleta kliniki kwetu. Bado vipaza sauti vya kwaya humuumiza kichwa. Hutoka akakaa kwenye ngazi za kanisa, mtoto mapajani, mpaka wimbo uishe, kisha hurudi ndani.